Neno "Na"

Mistari elfu moja mia mbili na kumi na minne,
kila mstari nyumba moja ya Kano.
Ofisi ya wadi, Ahero, saa moja usiku.
Feni imekufa, mbu wako hai,
na bosi amepiga simu kutoka Kisumu mara ya tatu:
"Adoyo, nitumie nambari. Nambari moja tu."

Masharti ni matatu, nimeyabandika ukutani:
nyumba imeanguka,
na kuna mtoto ambaye hajatimiza miaka mitano,
na familia haijapata hema.

Nililijua "na" tangu utotoni, neno la kuunga:
ugali na omena,
Apiyo na Adongo, mapacha wa jirani,
mimi na dada yangu ndani ya blanketi moja.
Huku ndani ya fomula, "na" ni panga.
Walioangukiwa na nyumba, peke yake: mia sita na tisa.
Weka "na": mia mbili thelathini.
Weka "na" nyingine: themanini na sita.
Sijamgusa mtu. Nimebonyeza tu.

Ningeituma themanini na sita, nikalale.
Lakini Dorka Awino wa Kochogo yumo humu,
mstari wa mia tisa na mbili.
Nilifika kwake wiki jana, matope mpaka kwenye ndama za miguu,
nikakuta mafiga matatu yamekaa uwanjani
kama kikao kilichokosa ajenda.
Nyumba hakuna. Mtoto mgongoni, hema hana.
Nampima kwa kila sharti, anatosha.
Mashine inamruka.

Nikaisogelea skrini hadi pua ikakaribia kuigusa.
Safu ya nyumba, mkabala na jina lake: Ndio.
Na mimi nimeiagiza mashine ihesabu Ndiyo.

Herufi moja.
Y, mikono yote miwili juu,
kama mtu anayeomba avutwe kutoka majini.

Zablon, aliyeandikisha Kochogo, huandika anavyosema.
Simlaumu. Alivua viatu, akavuka maji ya magoti,
kalamu ameibana kwa meno,
akauliza mlango kwa mlango pasipo na milango:
Nyumba imeanguka? Wakamwambia ndio.
Akaandika ndio.
Kijiji kizima kikakubali kwa tahajia isiyokubalika.

Wengine walikuwa na Ndiyo kamili, haina dosari machoni,
ila nyuma yake pengo,
mguso mmoja wa kidole kilichochoka.
Mimi sioni kitu pale.
Mashine inaona, na kwake hilo ni neno jingine.

Nikasahihisha mmoja mmoja hadi saa nne,
nikiwataja kwa sauti chumbani, sijui kwa nini,
labda nilitaka waitike.
Nikahesabu upya: mia moja thelathini na moja.

Nikapiga simu kwa furaha ya mjinga.
Bosi akanyamaza, nikasikia runinga yake.
"Hema ni tisini, Adoyo. Ongeza sharti."
Lipi?
"Kitambulisho. Wenye kitambulisho mkononi."

Nikaweka "na" ya tatu.
Themanini na nane. Wanatosha, na hema mbili zinabaki za akiba.
Dorka ametoka tena, safari hii kwa tahajia sahihi.
Kitambulisho chake kilichukuliwa na maji,
pamoja na sufuria, pamoja na cheti cha kliniki cha mtoto.
Kilichukuliwa na maji:
hata hapo "na" imo.

Aliomba nambari moja. Nimemtumia mbili.
Themanini na nane,
na chini yake, kwenye seli ambayo hakuna aliyeniagiza niijaze,
arobaini na tatu.
Katikati yao nimeandika kwa herufi ndogo
"na",
ile ya nyumbani,
ile ya ugali na omena.