Umepita Mara Nne

Dalali Kibwana husema "kumetulia"
kwa kila chumba alicho na ufunguo wake.
Kumetulia hapa, dada, kumetulia na kule,
ukilala mlango wazi utaamka na mlango wako.
Nikamuuliza: na televisheni?
Akacheka, akasogeza kofia,
akataja kodi ya miezi sita.

Mimi natoka Makete.
Kwetu mlango hufungwa kwa sababu ya baridi.
Barua ya uhamisho imesema niripoti tarehe mosi,
wodi ya wazazi, zamu ya asubuhi,
maana yake saa kumi na nusu alfajiri niwe barabarani
na viatu vyeupe vinavyoonekana mbali.

Basi sikuangalia marumaru.
Sikuuliza kama choo ni cha ndani.
Nilisoma kuta.
Hapa Tabata, vipande vya chupa vimepandwa juu ya ukuta,
vya bia na vya soda, vimeota ukungu:
hofu hiyo ni ya zamani,
aliyeipanda pengine ameshazeeka nayo.
Lakini nyumba ya pili nondo ni mpya,
rangi bado inanuka,
na mtu hachomelei nondo kwa sababu ya ndoto.
Nikauliza. Aa, fundi ni shemeji yao,
alipewa kazi ili alipe deni.
Nikaandika kwenye daftari: sijui.

Mchana mtaa wowote una adabu.
Nikarudi saa nne usiku, peke yangu,
simu nimeisokomeza ndani ya soksi.
Taa saba zinawaka, moja inakonyeza,
na ukishapita duka la Mangi lililofungwa
hatua arobaini na mbili za giza tupu.
Nikazitembea.
Mbwa alibweka kivivu, kama aliyelipwa nusu mshahara.
Kwenye kamba, mashuka mawili ya maua,
sare ya shule na soksi zake,
zimeachwa nje zilale.
Nilisimama pale kuliko heshima inavyoruhusu.
Mtu wa nyumba hii
ameingia kulala bila kuhesabu nguo zake.

Nikapita tena. Na tena.

"Wewe."
Sauti ilitoka katikati ya zile hatua arobaini na mbili.
Mwanamke, kigoda, ndoo ya unga wa vitumbua ukiumuka.
"Umepita mara nne. Mara ya kwanza ulivaa miwani.
Umesimama kwenye nguo za Siwema.
Unatafuta nini?"
Nyuma yake kijana akazima muziki wa simu,
na dirisha moja likafunguka upana wa jicho.

Nimeshona watu bila mkono kutetemeka,
lakini pale ulimi ulinikauka.
Nikasema: chumba. Natafuta chumba.
Mimi muuguzi. Nilitaka kujua kama hapa pana usalama.
"Kwa kutuchungulia?"
"Ndiyo, mama."
Akanimulika, akaanzia viatuni.
"Na sisi," akasema, "nani atatuambia
kama tutakuwa salama nawe?"

Hilo halikuwemo kwenye daftari.
Nikampa jina langu, Tusekile.
Nikampa la hospitali, la baba, la kijiji,
hata la mume niliyeachana naye,
ambalo hakuliuliza.
Akafunika ndoo kwa sinia.
"Saa kumi na nusu huwa nimeshawasha jiko.
Pita upande huu. Si ule."

Nimelipa miezi mitatu. Kibwana amenuna.
Nimenunua na kufuli, elfu kumi na mbili,
zito, lenye funguo tatu.
Mmoja ninao. Mmoja nimeuficha.
Wa tatu naushika mkononi kila alfajiri
nikikaribia moshi wa jiko lile,
napewa kitumbua cha moto, nalipa,
napita nao.