Soksi ya Majivu

Siku tatu kabla, baba hakugusa sabuni.
Alilala stoo, juu ya maganda ya mahindi,
mbali na mama na mafuta yake ya mgando,
na mama akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani:
"Pongo wa Uhafiwa wamenipora mume
kabla hawajamaliza kunipora njegere."

Njegere walikuwa wamebakiza vishina.
Kinyungu chetu kule bondeni, tulichokipalilia kwa magoti,
kilijaa alama za kwato kwenye tope
kama karani aliyegonga mihuri akaenda zake.

Nguo za baba zikatundikwa nje usiku kucha.
Zikanywa ukungu wa Julai, zikaganda,
alfajiri zikasimama zenyewe
kama mtu aliyesahau kichwa nyumbani.
Akazisugua kwa makangaga na udongo wa kijitoni,
gobore nalo akalipaka udongo huohuo.
Vitunguu, marufuku. Ulanzi, hata ule mtamu wa asubuhi, marufuku.
Tumbaku je? Alimtazama Mzee Mtavangu akivuta
kama mtu anayetazama harusi ya mchumba wake wa zamani.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja
na kazi moja: kubeba soksi.
Soksi ya shule, nyeupe ya zamani, imetoboka kisigino,
ndani yake majivu ya mianzi yaliyochekechwa mara mbili.
Ukiigonga kwa kidole, inapumua,
nawe unatazama pumzi yake inaelekea wapi.

"Pongo akikuona atasita, atadhani u kisiki.
Ukikohoa, atasimama asikilize tena.
Akikunusa, mwanangu, hakuna tena."

Tukashuka gizani, tukaacha chai ya kampuni kulia,
tukapita kwenye milingoti, na baba akanifundisha kwa mkono,
maana mdomo nao una harufu:
kabla ya jua, hewa hushuka bonde kama maji ya mfereji,
basi sisi tukae chini, kijito kinakoelekea.
Nikagonga soksi.
Majivu yakatujia usoni. Vizuri.

Baridi ilinitafuna masikio.
Midomo yangu ilikuwa imepasuka tangu wiki iliyopita.

Akaja.
Sikumwona akija; palikuwa na kichaka,
kisha kichaka kikawa na madoa meupe ubavuni,
kisha kikainamisha shingo kikala njegere yetu
taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa.
Baba akainua gobore. Mtutu haukutetemeka.
Nadhani alikuwa akingoja ageuze bega.

Jua likagusa mgongo wa kilima.

Nikagonga soksi, bila kuambiwa.
Majivu yakasimama hewani, yakafikiri,
halafu yakatuacha, yakapanda bonde
kumwendea yeye.

Akabweka mara moja, kama mbwa aliyekanyagwa,
na palipokuwa na pongo pakawa na majani yanayotikisika.

Nilingoja kofi. Baba alilaza gobore nyasini,
akajinusa kwapa, akanusa kola, akanusa viganja.
Kangaga. Udongo. Kangaga.
Kisha akanigeukia, akaniinamia polepole,
pua yake baridi ikagusa shavu langu, ikateremka mdomoni.
Nilikuwa nimepaka, usiku, kwa siri, kidogo tu,
kidole kimoja kutoka kwenye kopo la mama.

Akabaki pale. Akavuta pumzi tena, ndefu,
na mabega yake yakaanza kucheka kabla yake.
"Sekinyaga," akasema. Jina la mama, lile la usichanani,
ambalo sikuwahi kumsikia akilitamka mbele yetu.

Tulipanda nyumbani mikono mitupu.
Akaomba maji ya moto. Akaomba sabuni, kipande kizima.
Usiku ule stoo ililala panya peke yao.

Njegere? Ziliisha Alhamisi.
Tukala viazi hadi mvua za kwanza,
na Jumatatu nikavaa soksi yangu kwenda shule,
mguu wa kushoto ukitoa moshi kila hatua
niliyopiga kwenye foleni ya gwaride.