Mfumbati kwa Mfumbati

Fundi Lali Skanda amebana mifumbati miwili
ya kitanda cha mama
uso kwa uso ndani ya jiliwa, kingo juu,
na randa yaipita yote kwa mkupuo mmoja.

Mbona pamoja? namuuliza.
"Bega langu lilianguka na dari kule Mkomani,
tangu hapo mkono walala kushoto.
Upogo nitakaoupa huu, na ule utaupata.
Ukiifungua kama kitabu,
mmoja ukiinama, mwenziwe waupokea."

Guni analo, lakini huamini mlango zaidi:
asimamisha mmoja juu ya mwingine,
jua la Langoni nyuma yake.
Uzi wa mwanga, katikati.
Hasemi kitu. Anyoa ncha mbili,
maranda mepesi kama maganda ya kitunguu,
airudisha.
Giza.

Kitanda hiki tuligawana, Zena na mimi,
siku ya arubaini,
kila mtu na mfumbati wake begani,
hakuna aliyeaga.
Benchi la barazani ni rai yake,
kaituma kwa mtoto.

Gundi yaanza kuganda koponi.
Uchochoroni ni punda tu, na mchanga.
Fundi ameshika jiliwa upande wake.
Nami upande huu nakaza,
nusu mzunguko.