Chuya ya Tatu

Nakiri mapema, Mwalimu Nandonde, kabla hujasafisha koo:
filamu ile ilikuwa mbovu.
Bandeji ilianza mkono wa kushoto,
tukatafuna karanga kidogo, ikahamia kulia.
Jogoo aliwika saa sita usiku,
na maiti, Mungu amrehemu, alikuwa anapumua,
tumbo likipanda na kushuka chini ya shuka
kama la mtu aliyeshiba ugali wa muhogo.
Hadithi yenyewe sikuielewa.
Sijui nani alimroga nani,
wala yule daktari, koti lake bado lina karatasi ya bei,
alitokea wapi, akaishia wapi.

Kesho yake nikarudi.
Nikampa Malibiche mia tano yake tena,
nikakaa benchi lile lile linalobana suruali,
nje jenereta likikohoa
na ukungu wa Kitangari ukipenya chini ya turubai.

Nilimfuata Asumini Kilongola.

Si nyota wa kwenye bango, yule.
Bango hupewa wenye shingo ndefu.
Yeye ni shangazi, ni mama mkwe, ni jirani wa kuazima chumvi;
jina lake hupita mwishoni mbio mbio
wakati watu wanapapasa ndala zao gizani.

Yumo uani, ungo mapajani, anachambua mchele.
Wanamjia na habari: mwanao hatunaye.
(Hao walioileta uwasamehe,
wamesimama kama wanapigwa picha ya pasipoti.)
Kinanda kinalia kabla yake,
kinasa sauti kinaning'inia juu kama popo,
na yeye hapigi yowe.
Anatoa chuya moja.
Anatoa ya pili.
Ya tatu anaishika, anaitazama,
hajui tena ni chuya au ni mchele,
anairudisha.

Banda likanyamaa.
Hata wale vijana wa bodaboda wanaozomea kila kitu.
Jenereta peke yake ndilo lililoendelea, halina habari.

Unaijua kazi yangu. Msimu ukifunguliwa
nipo chama cha msingi, napima korosho:
nachoma gunia kwa bambo, natoa, napasua, nahesabu.
Zilizooza zikizidi, mzigo mzima unashuka daraja,
na mwenye mzigo ananitazama
kama mtu aliyemwibia kipofu.
Simjibu. Sheria ndiyo hiyo,
mbovu chache huangusha gunia.
Ila bandani kwa Malibiche sipimi hivyo.
Pale bambo likinitolea moja, moja tu, nyeupe, nzima,
nanunua gunia lote na wadudu wake.

Unasema nachezea pesa ya salfa.
Unasema mwongozaji akafundishwe kazi.
Sawa, akafundishwe.
Lakini ule mkono, Mwalimu,
ule mkono nilishauona.

Siku walipokuja kutuambia habari za kaka yangu Likapa,
mama alikuwa anabangua, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
Alisikia. Akabangua mbili zaidi.
Akazipanga pembeni, vizuri, kama za mgeni.
Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, nikamchukia.
Nilisema moyoni, huyu hana uchungu.
Nimekaa na neno hilo miaka ishirini na mitatu,
nimemzika mama nalo,
halafu anakuja mwanamke nisiyemjua,
ndani ya filamu ambayo maiti wake wanapumua,
analitoa taratibu
kama chuya.

Basi.
Sehemu ya pili imeletwa Jumanne kutoka Masasi.
Wanasema ni mbovu kuliko ya kwanza,
yule aliyekufa amerudi, ni pacha wake, au ni mzimu,
hata aliyeiuza hakujua.
Asumini yumo dakika nne.

Nimekushikia nafasi benchi la nyuma.
Njoo na karanga,
na ucheke unavyotaka,
ila nikikugusa goti, nyamaza.