Gramu Arobaini

Duka lenyewe halina mlango. Nililiingia kwa kidole,
usiku, juu ya jiwe la nyuma ya nyumba, Kabuhoro,
ambako mtandao hupanda hadi vijiti vitatu
ukiegemea ubavu wa kushoto na usipige chafya.

Vitabu vimepangwa bila vumbi.
Cha ndoa, cha mapishi, cha kufuga kambale,
na chini kabisa, kama aliyechelewa ibada,
kimoja cha ufundi wa mizani.
Elfu kumi na nane.
Ukiongeza saba unapewa na kozi:
wiki sita, mwalimu ndani ya kioo.

Nikaongeza saba.
Miaka ishirini na miwili natengeneza mizani
na sijapata mwalimu
ila marehemu Masalu, aliyefundisha kwa kofi.

Kitabu kilikuja na basi. Nilikifuata Nyegezi.
Karani akasoma jina, akaniangalia mikono:
"Lusato fundi? Nilidhani umeagiza spea."
"Ndiyo," nikamwambia. "Ni spea."

Mwalimu ni binti, rika la mwanangu wa pili.
"Kila mizani hu..." akasema, akaganda mdomo wazi,
kiduara kikazunguka, kikazunguka,
nami juu ya jiwe nikingoja kama mshtakiwa.
"...choka," akarudi. "Hata ile unayoipenda."

Kazi ya wiki ya tano:
chukua mizani unayoiamini,
iwekee jiwe lililothibitishwa,
andika unachokiona, si unachokijua.

Mji wote huu ni mawe, mawe juu ya mawe,
na hakuna hata moja linalojua uzito wake.
Ilibidi niazime la kilo mbili
kiwanda cha minofu, kwa sahihi na kitambulisho,
nikalifunga kwenye taulo kama mtoto mchanga.

Mizani ninayoiamini ni ya Nyanjige, muuza dagaa, Mwaloni.
Nimeifungua mimi, nimeifunga mimi,
miaka kumi na moja, springi hiyo hiyo.
Nikaweka jiwe.
Mshale ukasimama kabla ya mbili.
Nikafuta kioo. Nikapuliza. Nikainama, nikainuka.
Kabla ya mbili.

Gramu arobaini kwa kila kilo,
zimetoka mezani kwake bila kulipiwa.
Nilianza kupiga hesabu pembezoni mwa kitabu,
gunia kwa gunia, mwaka kwa mwaka;
nilipofika bei ya bati za nyumba nzima
nikaifunga kalamu.

Nilimwambia kwa sauti ya chini.
Alikuwa akipepeta mchanga.
Hakunitukana. Alikaa juu ya gunia,
akaitazama mizani kama mume aliyerudi alfajiri,
kisha akacheka mpaka ushungi ukadondoka.
"Kumbe! Nami nikidhani wananipendea maneno yangu."
Watu wa Geita, watu wa Sengerema,
yule Mkongo wa kila Jumanne,
wanaopita meza tisa kuja kwake.

Nikatoa bisibisi. Akanishika kiganja.
"Iache hivyo hivyo.
Na ubovu wake nimesomesha watoto watatu."
Akaokota dagaa mmoja chini, akamrudisha kwenye lundo.
"Ila kesho," akasema, "naongeza mia."

Sasa ni usiku, niko juu ya jiwe.
Bando limebaki la kutuma jibu moja.
Nimeandika nilichokiona, tarakimu zote.
Sikuandika kicheko; hakina pa kukaa.
Swali la mwisho linauliza:
Je, mizani imesahihishwa?
Ndiyo. Hapana.
Majibu ni mawili tu,
na kidole changu kimesimama, kama ule mshale,
kabla kidogo ya mbili.