Jasi Si Chokaa

Mche wa tatu ndio ulioanza kulalamika.
Majani ya chini yalipauka, mishipa ikabaki kijani,
kama ramani ya mito katika nchi iliyohamwa.
Nikamwita Onésime. Akaja na fimbo,
akainama nusu, maana mgongo haumpi zaidi ya nusu,
akasema, "Una njaa," akarudi ndani.

Sheria ya Kanada inaturuhusu minne kwa nyumba,
nasi tunayo minne, nyuma ya banda la mitego,
pale dhoruba ilipong'oa misonobari.
Fidèle, jirani yetu, polisi mstaafu,
huichungulia juu ya ua, akaijulia hali
kama anayeulizia wajukuu.
Bangi yetu si ya kuuza. Ni ya mgongo.
Miaka ishirini na sita kwenye machimbo ya jasi,
kisha jiwe moja, Jumanne, kabla ya chai.
Vidonge vya hospitali vilimlaza macho wazi.

Basi nikalisha.
Mbolea ya samaki, kijiko, halafu vijiko viwili.
Ncha zikaungua.
Njano ikapanda ghorofa ya pili.
Mama angenicheka: anayekataa sahani ya kwanza
humsukumii ya tatu,
unamtazama koo.

Onésime akatoka na gunia.
Jasi, ya kulekule,
weupe uleule nilioufua kolani mwake
mpaka vidole vyangu vikapasuka.
"Kalisi tupu hii. Nimeivuta puani nusu ya umri wangu.
Mimi na wewe nani anaijua?"
Akapiga magoti aimwage kwa mikono.
Ningemzuia vipi?
Sikuwa nimemwona amepiga magoti tangu mazishi ya dada yake.

Wiki mbili. Kimya.

Nikanunua karatasi za kupimia, dola tisa.
Udongo kijiko, maji ya mvua kikombe,
koroga, acha utulie, chovya.
Karatasi ikageuka rangi ya chungwa.
Tano na kitu.
Nikaishika karibu na dirisha, labda taa inanidanganya.
Tano na kitu.

Miaka mia sindano za misonobari zinaoza pale,
uchachu juu ya uchachu,
na mimi nikimwaga chakula juu yake kama mjinga!
Magnesi imo. Fosforasi imo.
Samaki wangu wote wamo, wamelala chini bure.
Meza imeandaliwa, mzizi hauwezi kufungua mdomo.

"Jasi si chokaa," nikamwambia wakati wa chakula.
"Weupe ni mmoja. Chokaa inaizima tindikali.
Jasi inakaa nayo tu, nyumba moja, haisemezani nayo."
Hakujibu.
Alisogeza sahani yake, viazi na samaki wa chumvi,
vyote kama nilivyovipakua.
Nilitazama ile sahani kwa muda.
Nikaiondoa.

Alfajiri nikasikia nyundo bandani.
Amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele yake
lundo la maganda ya kambakoche, ya enzi za baba yake,
anayaponda, anapumzika, anayaponda,
unga umemjaa nyusi.
"Hii je?" akauliza, bila kuinua uso.
Hiyo ndiyo, nikasema. Lakini ni ya polepole.
"Nina safari?"

Tukatia chokaa ya dukani kwanza, kiganja kwa kila shina,
maganda yafuate kwa mwendo wao.
Kila Jumamosi nachovya karatasi.
Chungwa. Chungwa. Njano kidogo.
Mche wa tatu tuliupoteza,
Fidèle akavua kofia, mpuuzi yule.
Mitatu iliyobaki imetoa majani mapya kileleni,
kijani cha kweli, hata yanang'aa.
Ya chini hayajarudi. Hayarudi.
Nilichelewa kuacha kuyatazama.

Baridi kali itafika kabla Septemba haijaisha,
huenda tusivune hata kopo moja.
Jana usiku, taa imezimwa, nilidhani kalala.
"Zélie," akasema gizani,
"leo ilikuwa ngapi?"