Hesabu ya Njugu

Mlangoni mwa banda la video, Webuye,
nina ndoo ya njugu, kikopo cha kupimia,
na daftari lililobakisha ukurasa mmoja.
Leo tunafunga mwaka.

Sitati mwenye mashine hupima picha kwa viti.
Mimi hupima kwa njugu.
Picha ikiwa mbovu, mikono hukosa kazi,
huingia mfukoni, ikatoka na shilingi kumi,
na watu wakatafuna kama mbuzi wa mnadani.
Picha ikiwa nzuri, hakuna anayenikumbuka.
Ndiyo kusema picha nzuri hunitia hasara,
na mwaka huu, Mungu ashukuriwe,
hasara nimepata mara tatu tu.

Januari, majambazi. Walikufa wote. Vikopo thelathini.
Februari, mapenzi na mvua ya bandia,
ile isiyolowesha viatu. Vikopo arobaini,
vitatu vyake vya Mama Khatondi
aliyetafuna huku analia. Sijui nimhesabu upande gani.
Machi lilikuja joka. Nililisikia kupitia mabati
likipumua kama lori la miwa linaloshuka Matete.
Watoto kimya. Hasara ya kwanza.

Halafu ile ya Agosti.
Bango lake lilikaa ukutani tangu Pasaka
hadi jua likamla shujaa uso.
Watu walitoka Bokoli, walitoka Misikhu kwa miguu,
Sitati akaazima mabenchi ya kanisa.
Na shujaa, yule aliyeangusha watu mia katika sehemu ya kwanza,
amerudi ameoa.
Amekaa kitini. Anaomba msamaha.
Kabla hajainuka ndoo ilikuwa tupu;
nikatuma mtoto nyumbani alete zile za kesho, hazijakaangwa,
wakazila mbichi.
Pesa za siku ile nilizihesabu kwa aibu.

Oktoba Sitati alileta, kwa makosa, picha ya lugha asiyoijua mtu.
Mama mmoja, meza, maharagwe.
Anachagua maharagwe.
Nje punda anapita.
Anachagua.
Walioingia ni sita, wanne wakadai pesa zao
kabla sijakunja karatasi ya kwanza.
Mzee Mukhwana, aliyefanya kazi kiwanda cha karatasi
hadi mashine zilipozimwa, alibaki mpaka mwisho,
akaja mlangoni, akauliza: "Nikitaka tena, nilipe tena?"
Alilipa siku nne.
Nikamuuliza kuna nini mle ndani.
"Anayatupa mawe," akasema, "bila kuyachukia."
Njugu: sifuri. Nimeipigia mstari mara mbili.

Na sasa hii ya mwisho, ambayo kalamu inaikwepa.
Vijana wa Maraka walitengeneza picha yao kwa simu.
Wakanifanya mama wa kijana anayepigwa sokoni.
Sentensi mbili: "Mwanangu hakuiba. Mtazameni mikono."
Nilizisema mbele ya jiko wiki nzima,
nikaunguza karai mbili za njugu.
Siku ya kuonyeshwa niliacha ndoo mlangoni,
nikaingia, mara ya kwanza tangu banda lijengwe,
na kitambaa kipya kichwani.
Sikuwemo.
Kulikuwa na kiwiko changu, pembeni kushoto,
kisha hata hicho hakikuwepo.
Walisema sehemu ile ilirefusha mambo.

Nikarudi mlangoni nimevimba.
Ndoo niliikuta vilevile, imejaa hadi mdomoni.
Ukumbi mzima, hakuna aliyetoka, hakuna aliyeniita.
Kipimo ni changu, siwezi kukigeuza leo.
Nimeiandika. Hasara ya tatu.
Nimeiandika kwa herufi ndogo.

Mvulana amesimama mbele yangu na kumi yake,
na picha ya mkesha haijaanza hata kuanza.
Namkunjia karatasi, namjazia.
"Mwanangu hakuiba," nasema. "Mtazameni mikono."
Anaitazama.